Kuruka kwa Jina la Nchi

Mkumbara imekaa tambarare, mgongo wake kwenye ukuta wa milima ya Usambara Magharibi. Mbele yake kuna katani, reli, barabara kuu ya Moshi, na ng'ambo ya mto Pangani nyika inayokwenda hadi Handeni. Ni mahali pa kupitwa na vitu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza vilipita hata hewani. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilitandaza waya kutoka msitu wa Shume hadi stesheni ya Mkumbara, na magogo ya mwangati, mti ambao mbao zake hutengenezewa penseli, yakawa yanateremka yakining'inia juu ya makorongo, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini, mpaka kwenye mabehewa ya kuelekea Tanga. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposhuka na bonde la Pangani likimsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa na ndege za Kikosi cha 26 cha Waingereza za kuchungulia yaliyofichwa na pori. Waliozirusha walitoka mbali. Wenyeji walikuwa chini, mizigo ya vita ikiwa vichwani mwao.

Nayaanza hayo kwa sababu anga ya Mkumbara, kwa muda mrefu, ilikuwa mali ya wengine. Waliojua namna ya kuitumia waliitumia, wakachukua walichotaka, wakaondoka. Kwa hiyo leo mtoto aliyezaliwa chini ya ukuta ule anapokuwa chuoni, mwaka wa kwanza au wa pili, akasema anataka kuwa rubani wa jeshi la nchi yake, tusimwambie anaota mchana. Wala tusimpigie makofi tu tukamwacha hapo. Neno alilolisema ni kubwa na linastahili kufikiriwa pamoja naye, kwa uzito ule ule tunaoutumia kufikiria ndoa au kuuza shamba.

Njia anazoziona mbele yake ni tatu.

Ya kwanza ni kuacha chuo. Ana cheti cha kidato cha sita, alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mwili una nguvu, na kila akisikia Jeshi la Wananchi (JWTZ) limetangaza nafasi, vitabu vinakuwa vizito mkononi. Kambi anazijua: Mgambo JKT ipo Handeni, si mbali na kwao, na amewaona vijana wakirudi kutoka huko wamenyooka migongo. Anajiuliza kwa nini angoje miaka mingine miwili akihangaika na bumu lisilotosha na mtihani wa sapu, ilhali geti liko wazi sasa.

Ya pili ni kumaliza shahada ndipo aombe. Hapa kinachombana ni umri. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, ukomo wa umri kwa mwenye shahada ya kwanza umekuwa chini ya miaka thelathini, na kwa aliyeishia sekondari umekuwa chini zaidi. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka ishirini, akasoma uhandisi kwa miaka minne, anatoka na ishirini na nne. Hapo bado kuna kusubiri tangazo, usaili, vipimo vya afya, mafunzo ya kuruta, kisha, akichaguliwa, chuo cha maafisa cha Monduli. Muda upo, lakini si wa kuchezea.

Ya tatu ni kuuendea urubani kwanza kwa mlango wa kiraia, jeshi baadaye. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kimejenga mafunzo ya anga, na wengine huenda nje ya nchi wakisomeshwa na familia. Leseni ya rubani wa biashara, kwa viwango vya kimataifa, inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Kila saa ina mafuta, mwalimu na matengenezo ndani yake, na zote zinalipiwa. Familia ya mkulima wa mahindi au kibarua wa katani haiwezi kuzibeba, hata ikiuza kila kitu chenye miguu. Na jeshi, likimpokea mwenye leseni hiyo, bado litamfundisha upya kwa namna yake.

Mtoto wa dada yangu aliniwekea njia hizo tatu mezani, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kama mtu anayeuliza bei. "Mjomba, katika hizi ipi ina uhakika zaidi?" Nikamwambia hakuna. Jeshi linaandikisha askari. Nani kati ya askari hao atakuwa afisa, nani kati ya maafisa atapelekwa Kamandi ya Anga, na nani huko atakalishwa kwenye kiti cha rubani, yote hayo huamuliwa na jeshi kwa mahitaji yake, kwa vipimo vyake, na kwa nafasi zilizopo mwaka huo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo limenikaa tangu siku hiyo: "Sasa mimi nachagua nini?"

Jibu langu ni hili. Anachagua kama atakuwa askari hata asipopewa ndege. Huo ndio uchaguzi pekee ulio mikononi mwake kweli, na njia zote tatu zinapimwa kwa huo. Anayesema ndiyo kwa moyo mkunjufu anaweza kuanza safari. Anayesema, "Ndege, la sivyo sitaki," ana haki ya kuipenda ndege, na auendee urubani wa kiraia bila aibu, maana kumpeleka mgonjwa Muhimbili kutoka kiwanja cha nyasi ni kazi ya heshima. Ila asiingie jeshini kuutafuta urubani. Atakaa kambini akihesabu alichonyimwa, na askari wa namna hiyo ni mzigo kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Historia ya jeshi letu inalionyesha jambo hili tangu siku zake za mwanzo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo kuliangusha jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza. Taifa lilitaka vijana wapya, na kati yao wa kurusha ndege. Mwalimu wa kwanza alikuwa Ujerumani Magharibi. Lakini mapema 1965, Tanzania ilipokubali Ujerumani Mashariki iwe na konseli Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akakataa kupangiwa marafiki. Mafunzo yakakatika. Kanada ikaingia, ikaleta wakufunzi na ndege za uchukuzi za Otter na Caribou, ikachukua vijana wa Kitanzania kwenda kujifunza kwenye baridi yake. Mkataba ulipomalizika 1970, China ikashika usukani: ikafundisha marubani wa ndege za kivita, ikasaidia kujenga kituo cha Ngerengere, na hadi leo ndege za kivita za J-7 na za mafunzo za K-8 tunazozitumia zimetoka huko.

Mtazame kijana aliyeandikishwa mwaka ule wa 1964. Katika miaka sita, lugha ya mwalimu wake imebadilika mara mbili, ndege imebadilika, bara la kwenda kusomea limebadilika. Kama alichokipenda kilikuwa ndege fulani au nchi fulani ya kwenda, alivunjika moyo mapema. Kama alichokishika kilikuwa utumishi, kila badiliko lilimkuta bado amesimama. Mipango ya anayetaka kuruka kwa jina la nchi haiwezi kuwa imara kuliko mambo ya nchi yenyewe, na mambo ya nchi huenda na siasa, bajeti, urafiki na vita.

Simaanishi kwamba kijana akae mikono mapajani. Yako mengi ya kujenga akiwa chuoni, na kila moja linamfaa hata mlango wa ndege usipofunguka.

La kwanza ni mwili. Ndege ya kivita ikikata kona kali, mtu wa kilo 70 anaweza kujisikia ana kilo 280. Damu inavutwa kuelekea miguuni, macho yanaona kijivu, kisha giza, na asiyefunzwa kukaza mapaja na tumbo huzimia akiwa ameshika usukani. Macho, masikio, moyo, uti wa mgongo, hata urefu wa mtu akiwa ameketi, vyote hupimwa. Vingine ni majaliwa. Asiyetofautisha rangi hana dawa, na ni heri apime mapema hospitalini ajue kuliko kuibeba ndoto miaka mitano hadi daktari wa jeshi amwambie. Lakini mapafu, misuli, usingizi na kujiepusha na ulevi ni vya mwenyewe. Kupanda kutoka Mkumbara hadi Shume kwa miguu wakati wa likizo ni mazoezi kuliko mashine nyingi za mjini.

La pili ni akili. Fizikia na hisabati za tahasusi ya PCM au PGM hazikuwa za kufaulia mtihani tu. Mtoto wa Mkumbara ana darasa ambalo wenzake wengi hawana. Upepo wa kusi hutoka baharini umebeba unyevu, unapanda Usambara kwa upande wa mashariki, unamwaga mvua huko, kisha unateremka upande wetu ukiwa mkavu. Rubani hufundishwa kuiogopa hewa hiyo hiyo inayoteremka nyuma ya mlima, kwa sababu huenda kwa mawimbi na inaweza kuisukuma ndege chini kwa nguvu kuliko injini inavyoivuta juu. Hufundishwa pia kwamba hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mchana wa jua la tambarare ndege hutaka njia ndefu zaidi ili ipae. Mambo haya kijana ameyaona kwa macho tangu utotoni. Kazi ya chuo ni kumpa hesabu zake.

La tatu ni kukubali kusahihishwa mbele ya watu. Marubani wakishuka hukaa chini wakaitazama safari yao, na kosa la kila mmoja hutajwa kwa jina, maana lililofichwa leo litaua kesho. Mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenzake, anayemdanganya mhadhiri kwamba alikuwa mgonjwa, anayekasirika akiambiwa hesabu yake ina kasoro, anajijengea tabia ambayo hewani haina msamaha.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu njia ya kwanza, ile ya kuacha chuo, nasema asiache. Kumaliza ulichoanza ni sehemu ya askari anayetafutwa. Shahada inamwongezea nafasi ya kufikiriwa kwa uafisa, na akiingia Kamandi ya Anga asipate kiti cha rubani, uhandisi au umeme alioujua utampa kazi ya maana. Kila ndege inayopaa ina nyuma yake mafundi, waongoza ndege, wataalamu wa rada na wa hali ya hewa, na askari wa ulinzi wa anga. Kwa aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja mambo ni tofauti: yeye hana cha kukiacha, na Monduli kwenyewe siku hizi kunatolewa shahada ya sayansi ya kijeshi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonilaza macho kuliko umri na vipimo. Rubani wa kivita hufundishwa kuua watu asiowaona nyuso. Hatuna budi kulisema hili kwa sauti mbele ya mtoto wa miaka ishirini na moja, kabla picha ya miwani myeusi na suti ya kurukia haijamjaa.

Tarehe 1 Agosti 1982, sehemu ya Jeshi la Anga la Kenya ilijaribu kuipindua serikali. Katika kituo cha Laikipia, Nanyuki, marubani wa ndege za kivita walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kwenda kuipiga Nairobi mabomu, Ikulu ikiwa miongoni mwa shabaha. Mmoja wao, Meja David Mutua, alirusha ndege huku koplo mwenye silaha ameketi nyuma yake. Wengine walikuwa Kapteni John Baraza na Kapteni John Mugwanja. Marubani hao waliziyumbisha ndege hewani hadi yule koplo asiyezoea akalegea, mabomu yakaenda kuangukia msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki. Wakazi wa Nairobi waliokuwa majumbani mwao asubuhi ile hawakujua ni nini kilichowakosa.

Miaka mitatu kabla, Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege kubwa ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kuupiga mji wa Mwanza. Ililenga vibaya, na bomu likaua wanyama katika kisiwa cha Saanane. Mwanza ilisalimika kwa bahati. Nairobi ilisalimika kwa sababu ndani ya zile ndege walikuwamo watu ambao, naamini, walikuwa wameshaamua, siku nyingi kabla ya kuamriwa, nini hawatakifanya na mabomu waliyokabidhiwa.

Naitafakari sana tofauti hiyo. Amri halali ya kuilinda nchi itakuja, na rubani ataitii, hata ikimgharimu uhai. Vijana waliokwenda Kagera walitii, na ndiyo sababu mpaka wetu uko pale ulipo. Lakini utii wa askari unataka mtu ndani yake, mtu anayeijua katiba aliyoapa kuilinda na anayekumbuka kwamba mji ulio chini ya bawa lake umejaa kina mama kama mama yake. Mtu huyo hajengwi kwa mafunzo ya kuruta peke yake. Hujengwa nyumbani, kwenye madrasa na kanisani, na katika miaka ya chuo, kwa vitabu visivyo vya mtihani: historia, sheria, maisha ya watu. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kurusha ndege ya kivita na hasomi chochote nje ya uhandisi wake anajiandaa nusu.

Kuna pia swali la nani analipa. Mafunzo ya rubani mmoja wa ndege za kivita ni miongoni mwa mafunzo ghali zaidi ambayo dola yoyote humpa raia wake, na fedha hizo hutoka kwa umma. Zinatoka kwenye sukari na sabuni anayonunua mama muuza ndizi kando ya barabara pale Mkumbara, anayelipa kodi kila siku bila kuiona. Huenda hatapanda ndege maishani mwake. Kijana akivishwa mabawa, yule mama ni mmoja wa waliomvisha. Ndiyo maana najisikia vibaya nikimsikia mtu akiusifia mlango wa jeshi kwamba ni njia ya kupata saa za kuruka bure kisha kuhamia kwenye mashirika yanayolipa vizuri. Hakuna bure. Kuna watu waliolipa.

Na deni hilo lina namna nzuri ya kulipwa. Machi 2019, kimbunga Idai kilipozisambaratisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, ndege ya JWTZ ilipakia dawa na chakula Dar es Salaam ikapeleka kwa jirani. Ndani ya jeshi lile lile kuna anayejifunza kupiga na anayejifunza kubeba, na wakati mwingine ni mtu mmoja. Kijana anayelijua hilo hataona ameshushwa akipangiwa ndege ya mizigo au helikopta badala ya J-7. Mafuriko yanapokata barabara, watu walio juu ya mapaa hawaulizi aina ya ndege.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi wa Kisambaa au Kizigua aliyemsomesha mtoto hadi chuo kikuu anangoja matunda: nyumba ya bati, ada ya wadogo zake, mtu wa kumsimamia uzeeni. Mtoto akisema "jeshi", mama husikia kifo. Mtoto asimkatize. Akae naye, amweleze kazi ilivyo, hatari zake na mshahara wake, wala asimfiche kwamba anaweza kuhamishiwa mbali au kutumwa nje ya nchi kulinda amani na asirudi. Baraka iliyotolewa na mzazi aliyedanganywa haina uzito. Na mzazi naye, akishasikia yote, asimzuie kwa machozi mtoto aliyefikiri vizuri. Nchi hii imelindwa na watoto wa watu.

Kwa yeyote aliye chuoni sasa, awe Mlimani, Mabibo au Dodoma, na moyo wake uko kwenye anga, nasema hivi. Maliza shahada yako, na uimalize vizuri. Tunza cheti chako cha JKT, na kama hukupita, tafuta namna ya kupita. Pima macho mwaka huu. Fuata matangazo ya jeshi kwenye vyanzo vyake rasmi, na usimpe hata senti moja mtu anayekuambia ana mjomba makao makuu, kwa sababu anayeingia jeshini kwa rushwa ameshakivunja kiapo kabla ya kukila. Soma historia ya nchi yako na za majirani. Halafu jiulize, peke yako, bila wa kukusikia: wakinipa bunduki na lindo la usiku badala ya mabawa, nitalinda? Ukijibu ndiyo, nenda ukaombe. Ukivishwa kamisheni Monduli ukawa Luteni Usu, ukapelekwa Ngerengere, tutashangilia. Ukipelekwa kwingine, tutashangilia vile vile, na kwa sababu ile ile.